Risasi za Kwenda Nazo Kendu Bay

Magige alimwaga risasi zake zote kwenye ungo wa mchele, na huo ndio ukawa ugomvi wa kwanza asubuhi ile, maana ungo ulikuwa wa mkewe.

"Baba Emmah, hiyo ungo tunapepetea chakula!" Awino alisema kutoka mlangoni, simu sikioni. "Unataka watoto wakule risasi?"

"Nitaiosha."

"Utaiosha! Ngoja nimalize na mama, nitakuja hapo." Akageuka, akaendelea kuongea Kijaluo na mama yake aliyekuwa Kendu Bay, na kila baada ya sentensi mbili alisema "yawa!" kwa sauti iliyozidi kupanda. Magige alikuwa Mkuria, Kijaluo chake kilikuwa cha kuombea maji, lakini neno *guok* alilijua. Guok ni mbwa. Na "yawa" haihitaji mkalimani.

Sasa msimcheke Magige. Yeye ni mtu wa kuogopa, Mungu alimfinyanga hivyo. Atafunga lango la nyumba yake hapo Suna, afike barabarani, arudi kulitikisa kuona kama limefungwa kweli. Watu wa aina hiyo hawanunui bunduki. Lakini alikuwa anafuga kuku, kuku wengi, na kunguru na panya-buku na mbwa wasio na wenyewe walikuwa wanammaliza, basi akafuata njia zote za serikali mpaka akapewa leseni ya bunduki ndogo ya .22. Tangu siku hiyo hakupata usingizi mtamu. Kila risasi aliyopiga aliipiga akiuliza: ikipita hapa, itaenda kusimama wapi?

Na leo alikuwa anaitwa ukweni, na bunduki.

Mambo yalikuwa hivi. Mbwa koko walikuwa wameua mbuzi wa mama mkwe, Mama Filister. Hilo peke yake lingevumilika. Lakini mmoja wao, jike la rangi ya majivu, lilikuwa linatembea kama mlevi, udenda unaning'inia, likiuma nguzo za zizi na mawe. Metrine, daktari wa mifugo wa pale kijijini, alilitazama kwa mbali akasema ni kichaa, hakuna mjadala, lazima liuawe kabla halijamfikia mtu. Akauliza nani ana bunduki yenye leseni. Na Mama Filister, ambaye hajawahi kumsifu Magige mbele ya uso wake hata siku moja, alijibu kwa kidevu juu kwamba mkwe wake anayo. Metrine akazungumza na polisi, polisi wakasema aje, mradi daktari awepo.

"Umechagua?" aliuliza Kerosi, jirani yao, askari wa wanyamapori mstaafu, aliyekuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akinywa uji wa watu bila haraka. Yeye ndiye aliyemfundisha Magige kupiga.

"Sijui, mzee. Nachanganyikiwa."

Kerosi akainama juu ya ungo. Risasi zenyewe, kwa asiyejua, zote ni zilezile, ndogo kama kifundo cha kidole cha mtoto. Lakini zilikuwa za aina mbili. Kulikuwa na za polepole, pua yake ya madini ya risasi matupu, butu, nzito kidogo. Hizi zinalia kama mtu aliyepiga makofi, jirani hata hageuki. Na kulikuwa na za kasi, zenye tundu dogo kwenye pua. Hizi zinalia vibaya, lakini zikiingia nyamani zinafunguka kama bisi kwenye sufuria, na hazitoki upande wa pili.

"Kule ni nyumba kwa nyumba," Magige alisema. "Nikipiga kwa kelele, watu watasema ni majambazi. Mbuzi watavunja zizi. Mbwa wengine watatawanyika. Nafikiri za polepole."

"Na ardhi ya kule ikoje?"

"Mawe. Mawe matupu."

"Mm." Kerosi akanywa uji. "Hiyo butu ikipiga jiwe haivunjiki. Inaruka, na haikuambii inaruka kwenda wapi. Hii yenye tundu inavunjikavunjika palepale."

"Kwa hiyo nichukue zenye tundu."

"Sijasema hivyo. Mbwa akiwa mbali, penye udongo laini, na watu wamelala, ile ya kimya ni nzuri."

"Mzee, si uniambie tu moja!"

"Wewe ndiye utakuwa umeshika bunduki," Kerosi alisema, akacheka. "Mimi nitakuwa hapa nakunywa uji yako."

Mwishowe Magige akafanya kama wafanyavyo waoga wote duniani: akabeba zote. Za polepole akazipanga ndani ya magazini ya bunduki, kwa sababu alikuwa amepanga kumvizia mbwa kule zizini kwa utulivu. Za kasi akazitia mfuko wa shati na kufunga kifungo. Njia nzima, kutoka Suna kupita Uriri mpaka wanaingia upande wa Homa Bay, mkono wake ulikuwa unaukagua mfuko ule. Awino aliyekuwa pembeni yake kwenye pikapu alimwambia akiendelea kujipapasa watu watadhani ana upele.

Walifika jua limeshapanda. Mama Filister alikuwa uani, na alipoona pikapu akasogea nyuma ya mti wa mlimao, akasimama ubavu, uso ukiangalia zizi. Magige naye akashuka, akasimama mbali, akaangalia viatu vyake.

"Karibu, baba Emmah," alisema mama kwa Kiswahili, lugha pekee waliyokuwa nayo wawili.

"Asante, mama. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Isipokuwa huyo shetani."

Ndivyo walivyosalimiana tangu siku ya mahari, na hakuna aliyekuwa na chuki. Kwa Wakuria haya ya ukwe si mchezo, na kwa Wajaluo vilevile. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni kwa kumkodolea. Hali chakula naye chumba kimoja. Na chumba chake cha kulala, kitanda chake, hilo usiseme kabisa. Mkwe akiona kitanda cha mama mkwe, wazee watakwambia, ni chira, ile laana inayokondesha watoto mpaka waishe, na hakuna hospitali inayoijua. Magige alikuwa amemjengea mama huyu sakafu ya saruji nyumba nzima, na siku fundi alipomaliza chumba cha kulala, yeye mwenye kulipa alisimama nje barabarani kuuliza kama imetoka sawa.

Metrine alikuwa ameshafika, mwanamke mfupi mwenye buti za mpira na sauti ya kuamrisha ng'ombe. Akamchukua Magige nyuma ya nyumba, Awino akifuata, wakaangalie zizi na mahali pa kuvizia.

"Huyu jike hujitokeza jioni," Metrine alisema. "Tuna muda. Lakini kitu kimoja, usimpige kichwa. Nahitaji ubongo upelekwe maabara. Piga kifua."

Kifua cha mbwa si kipana. Magige akaanza kuuliza udongo wa zizi ukoje, nyuma ya zizi kuna nani, watoto wa jirani hupita wapi, mpaka Metrine akamtazama Awino kama kumwambia pole, mama.

Na huku nyuma Mama Filister alikuwa anataka kuoga. Bafu lake la mabati lilikuwa pale pale karibu na zizi, na mkwe wake alikuwa anazungukazunguka hapo akipima mawe kwa jicho. Angeogaje, mkwe akisikia hata maji yanavyomwagika? Haiwezekani. Basi akachukua beseni, akaingia chumbani kwake, akajifunga leso moja tu, akaanza kuoga humo. Mlango wa mbele aliuacha wazi, kama siku zote.

Yule mbwa hakungoja jioni.

Walichosikia wale watatu kule zizini ni beseni kupiga sakafu, halafu yowe. Lilikuwa yowe refu moja, lenye kukatikakatika mwishoni. Awino alikimbia kwanza. Magige alimfuata akiwa na bunduki mkononi, na moyoni alikuwa anasema, si yeye, Mungu wangu, si mama.

Sebuleni hapakuwa na kitu. Mlango wa chumba cha kulala haukuwa na ubao, ulikuwa na pazia tu, zito, la maua mekundu, limefika mpaka chini. Nyuma ya pazia kulikuwa na mkoromo, sauti ya koo lisiloweza kumeza.

"Mama!" Awino alilia.

"Usiingie!" Sauti ya Mama Filister ilitoka juu juu. "Iko hapa mlangoni, imelala. Mimi niko juu ya kitanda. Miguu yake ya nyuma haina nguvu, haiwezi kupanda. Lakini inaniangalia."

Metrine alimshika Awino mkono akamvuta nyuma. Magige akapiga goti sebuleni, mbele ya pazia, bunduki imeelekea maua mekundu. Akasogeza mkono kutaka kulifunua pazia kwa mtutu.

"Nani huyo anagusa pazia?" mama aliuliza.

"Ni mimi, mama."

"Baba Emmah? La! La, la, la. Usifungue. Mimi sina nguo hapa."

"Mama, lazima nimwone nimpige."

"Piga kupitia kwa pazia! Iko hapo hapo. Mimi nitakuambia. Peleka kushoto kidogo. Chini. Hapo."

Aisee. Magige aliganda. Hebu jiwekeni mahali pake. Mbwa yuko nyuma ya kitambaa, huoni hata sikio lake. Nyuma ya mbwa, moja kwa moja, kuna kitanda. Juu ya kitanda kuna mama mzazi wa mkeo, ndiye anayekuelekeza upige. Na risasi zilizo kwenye bunduki ni zile butu, za kimya, zisizovunjika. Ikimkosa mbwa itakwenda kitandani. Ikimpata itampitia, na bado itakwenda kitandani. Ikipiga saruji, ile saruji yake mwenyewe, itaruka.

"Kushoto tena," mama alisema kwa uvumilivu, kama anayemwelekeza mtu dukani. "Umefika. Piga."

Jasho lilimwingia Magige machoni. Kidole kilikuwa nje ya kifyatulio na kilikataa kuingia. "Siwezi," alisema.

"Kwa nini huwezi? Ninauona mtutu wako unasukuma pazia, umeinuka kidogo. Piga!"

"Siwezi, mama. Nitakuua."

Akainuka, akatoka nje nyuma nyuma. Majirani walikuwa wameanza kukusanyika uani, wanawake watatu na mzee mmoja mwenye rungu, wakiuliza kuna nini. Metrine akamnong'oneza: "Chumba kina dirisha. Kule nyuma. Ukisimama dirishani unampiga kutoka juu, risasi inaelekea sebuleni, na sebule tutaitoa watu wote. Kitanda kitakuwa pembeni kabisa."

"Najua."

"Sasa unangoja nini?"

Magige alimtazama mkewe. Awino alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili. Yeye alielewa anachongojea. Dirishani angeona chumba chote, na kitanda, na mama yake alivyo. Watoto wao wawili walikuwa shuleni Suna saa hiyo, wazima, wanene.

"Awino," alisema. "Nifanye nini?"

"Usiniulize mimi!" Awino alifoka, machozi yakimtoka. Kisha, kwa sauti ndogo, "Nenda. Nenda tu, kabla sijasema usiende."

Akazunguka nyumba mbio. Chini ya dirisha akachomoa magazini, akaanza kuzitoa zile butu kwa kidole gumba, moja, nyingine, zinaanguka kwenye nyasi na hakuzijali. Akafungua kifungo cha mfuko. Risasi ya kwanza ya kasi ilimponyoka, ikapotea kwenye majani ya boga. Ya pili ikaingia. Akaongeza ya tatu, akarudisha magazini, akakoki. Ikiwa lazima ipigwe ndani ya nyumba ya saruji, na mtu yumo, basi iwe ile inayofia nyamani. Kelele ipige kelele. Alishangaa jinsi jambo lililomsumbua asubuhi nzima lilivyokuwa jepesi sasa, na hofu haikupungua hata chembe.

"Mama," aliita chini ya dirisha. "Naja dirishani."

"Baba Emmah, nakuomba. Usinifanyie hivyo."

"Nisamehe, mama."

Akasukuma ubao wa dirisha kwa kiwiko, akainuka.

Alimwona mbwa kwanza, kwa sababu alijilazimisha. Jike la majivu, mbavu nje, limelala kwa tumbo kando ya pazia, taya limelegea, maji ya beseni yamelizunguka na linatetemeka. Liligeuza kichwa polepole kuelekea mwanga. Lakini jicho la binadamu haliwezi kufungiwa kama dirisha, na pembeni, juu ya kitanda cha chuma, Magige alimwona mama mkwe wake. Amejikunyata ukutani, leso imempanda. Na kwenye paja la kushoto, juu ya goti, kulikuwa na damu. Haikuwa ya mkwaruzo. Ilikuwa inateremka mpaka kwenye shuka.

Mama akavuta blanketi, akajifunika gubigubi, kichwa na yote. Kusogea kule kukamshtua mbwa. Alijiinua kwa miguu ya mbele, akakoroma, akajitupa kuelekea kitandani, na kwa kufanya hivyo akampa Magige ubavu wake wote.

Akapiga.

Chumba kililia kama bati lililoangukiwa na jiwe. Mbuzi kule zizini wakapagawa, majirani wakalala chini. Mbwa alikaa kitako, kama aliyesahau alichotaka, akalala kwenye maji. Hakuna tundu lolote lililotokea upande wake wa pili. Ukuta ulikuwa mzima. Magige alishusha bunduki, akatoa magazini, akaondoa risasi iliyobaki ndani, akakaa kwenye majani ya boga.

Kutoka chini ya blanketi mama aliuliza, "Imekufa?"

"Imekufa, mama."

"Umeniona?"

Na Magige, mwenye heshima zake, akajibu kama mkwe yeyote aliyelelewa vizuri. "Sijaona kitu, mama. Nimeona mbwa tu."

Baada ya muda Mama Filister alitoka sebuleni akiwa amevaa rinda refu la kanisani linalofagia chini, na kitambaa kichwani, na ametabasamu. Wanawake wakamshangilia. Metrine, ambaye alikuwa ameshavaa glavu na kumtia mbwa kwenye gunia, hakushangilia.

"Mama, amekuuma?"

"Aniume vipi? Nilipanda kitanda kabla hajafika."

"Amekukwaruza? Mate yake yamekugusa popote?"

"Hapana, daktari."

"Nakuuliza kwa sababu huu ugonjwa hauna msamaha," Metrine alisema. "Ukianza kumpanda mtu kichwani, hakuna dawa. Hakuna. Anakufa akiogopa maji. Lakini akioshwa kidonda na sabuni sasa hivi, na akadungwa sindano leo, anapona kabisa. Mficha maradhi kilio humfichua, mama. Kama kuna kitu, sema."

"Nimesema hakuna. Muulizeni baba Emmah, yeye ndiye alikuwa dirishani." Na mama akaelekeza uso kwenye viatu vya Magige. "Aliona mimi nimeumwa?"

Ua mzima ukamgeukia.

Hapo ndipo Magige alipoelewa alivyofungwa. Mama hakuwa mjinga, wala hakuwa haogopi kufa. Lakini akisema ameumwa pajani, watu watauliza, na mkwe aliyekuwa dirishani aliona? Akisema hakuumwa, basi hapakuwa na cha kuonwa. Paja lake halijaonwa na mtu, chira haipo, wajukuu wake wako salama. Alikuwa anawalinda Emmah na ndugu yake kwa maisha yake, mama wa watu, na alikuwa anamwomba Magige amsaidie kufanya hivyo.

"Nimeona mbwa tu," Magige alisema.

Mama akashusha pumzi. Metrine akafunga mdomo wa gunia kwa kamba. Awino akamkumbatia mama yake, akamuuliza kitu kwa Kijaluo, mama akatikisa kichwa, akacheka kidogo. Mzee mwenye rungu akaja kumpa Magige mkono na kumsifu kwa shabaha. Magige aliupokea ule mkono bila kuusikia. Alikuwa anaangalia rinda la mama, upande wa kushoto. Lilikuwa la kijani kilichokolea, halionyeshi kitu. Lakini mama alikuwa amesimama akiegemea mguu wa kulia.

Metrine akabeba gunia kwenda kwenye pikipiki yake. Akalifunga kwenye keria. Akavua glavu. Akapanda.

Asubuhi nzima, Magige alifikiri, nimehangaika na risasi. Itapita, haitapita, itasimama wapi. Na risasi haikumgusa mama. Lililomgusa ni jino, nami nimeliona, na nimelinyamazia. Aliogopa. Aliogopa kuliko alivyoogopa mbele ya pazia. Aliogopa uso wa mama huyu, na mdomo wa kijiji, na siku Emmah atakapougua homa hata ya kawaida, jinsi Awino atakavyomtazama.

Metrine akapiga kiki. Pikipiki ikaunguruma.

"Daktari!" Magige alipaza sauti. "Zima! Ameumwa."

Pikipiki ikazimika.

"Baba Emmah," mama alisema taratibu.

"Ameumwa paja la kushoto. Juu ya goti. Damu ilikuwa nyingi." Akamgeukia mama. "Nilimwona, mama yangu. Nilikuona. Nilikudanganya, na nimewadanganya hawa wote. Nimekuona."

Wanawake walishika midomo. Mmoja akasema "mayoo!" akageuka pembeni. Mzee akaangalia rungu lake. Mama Filister alisimama katikati ya ua wake mwenyewe, kitambaa kikimteleza kichwani, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Umenivua nguo mbele ya watu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na watoto je? Umewafikiria?"

Awino akapiga magoti miguuni kwa mama yake, akashika pindo la rinda, akalikunja juu mpaka gotini na kupita goti. Kidonda kilikuwa kimefungwa kwa kipande cha leso kilicholowa; alipokifungua, mashimo yalikuwa manne, yamevimba. Awino alipoyaona akashikwa na kilio kibaya, cha kutikisa mwili mzima, akawa hana msaada tena.

"Kiti!" Metrine aliamrisha. "Sabuni ya kipande. Maji, maji mengi, yamwagwe bila kukatika mpaka niseme basi. Halafu hospitali Homa Bay moja kwa moja."

Kiti kikaletwa, sabuni ikaletwa. Metrine akapiga magoti akaanza kusugua. Alihitaji mtu wa kumwaga maji. Awino mikono yake ilikuwa imekufa. Metrine akaita wanawake, na wale wanawake watatu wakarudi nyuma, maana walikuwa wameshasikia habari za mate ya mbwa yule. Mtungi wa plastiki wa lita ishirini ulikuwa umejaa, umekaa karibu na mguu wa Magige.

Akaunyanyua. Akasogea mpaka karibu na kiti, karibu kuliko alivyowahi kumkaribia mama huyu, akageuza uso wake kabisa kuelekea mlimao, na kuanza kumwaga. Maji yakaenda kwenye goti, yakaenda kwenye rinda, yakamlowesha Metrine begani. Metrine akalaani. Magige akasogeza mtungi, shingo bado imepinda, maji yakaenda chini kabisa.

Mama Filister alimtazama. Alimtazama usoni, ubavu wa uso ule uliogeuzwa, kwa muda.

"Baba Emmah," alisema. "Angalia penye unamwaga."

Magige akageuza uso, akaangalia.